Siku Mama Alipoikana Landhi

Jumanne, 6 Agosti

Nimefua mashati. Maji ya mfereji yamerudi hapa mtaani Dallas, ya kuchuruzika tu. Wakwe watarajiwa wa binti yangu Kendi wamepiga simu kutoka mji wa Maua. Watakuja Jumamosi ya wiki ijayo na miraa ya posa, na wanataka kuona nyumbani kwetu. Si hapa. Hapa Embu tunapanga, na mahari haizungumzwi sebuleni kwa landilodi.

Nyumbani kwetu ni landhi, chumba cha reli kwenye stesheni ndogo upande wa Nanyuki. Mama bado anaishi humo. Shamba hatuna. Hatujawahi kuwa nalo.

Jumatano, 7 Agosti

Kendi ameniambia, "Baba, si tuwapeleke tu kwa shosho kule landhi? Mimi sioni shida." Ataionaje? Hakuitwa mtoto wa reli darasani. Nimemjibu vibaya.

Ijumaa, 9 Agosti

Shemeji yangu Mutwiri amekubali kutuazima boma lake la Timau. Nyumba ya mawe, ng'ombe wa gredi, ngano mpaka macho yachoke. Tutasema ni kwetu. Mke wangu hasemi nami. Nimepata nafuu, na nafuu yenyewe inanitia kinyaa.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeenda kumwambia Mama. Nimemkuta akifagia mbele ya nyumba zote, hata zile zisizo na watu. Baba alikuwa kwenye genge la vibarua wa kukaza mataruma ya reli. Treni zilipokoma, genge likavunjwa. Waliokuwa na mashamba wakarudi kwao. Sisi tukabaki.

Mama aliegemeza ufagio ukutani. "Sasa unataka niseme nini?"

Basi. Heri angenitukana.

Jumamosi, 17 Agosti

Wamekuja. Wamependeza. Mzee wao alitua kile kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, akaomba mama wa boma aeleze boma lilianzaje. Baba yeyote wa bibi harusi huku Meru angelitarajia swali hilo. Mimi halikunijia. Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza.

Mama akasimama. Hadithi yake ninaijua. Aliletwa akiwa bibi harusi na treni ya mizigo, amekalia magunia ya mahindi. Maji yalikuja kwa behewa, wanawake wakapanga foleni na madebe, mwenye mtoto mchanga akipewa kwanza. Reli ilipomvunja Baba mguu, genge zima lilitulisha: Mkamba, Mjaluo, Mluhya, kila nyumba na siku yake.

Ameisimulia yote. Ila treni imekuwa mkokoteni wa ng'ombe. Behewa limekuwa mto. Genge limekuwa ukoo wetu. Hakujikwaa hata mara moja. Wageni wakapiga makofi, wakamfunika blanketi jipya. Kendi akatoka nje.

Ni watu aliowapenda, na amewafuta wote kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya nyama. Naona aibu mpaka kula kumenishinda.

Jumapili, 18 Agosti

Baridi. Mwenda, mchumba wa Kendi, alilala Timau kwa Mutwiri na leo akasisitiza kuturudisha Embu na gari lake. Mama alimwambia atashukia njiani, anakwenda kumwona dadake. Hana dada. Njiani waliongea habari za viazi.

Tulipofika pale barabara inapokata reli, Mama akasema, "Hapa panatosha, mwanangu. Mbele gari litachafuka." Barabara ilikuwa kavu kabisa. Nilitaka kushuka naye. Akanisukuma goti, kidogo tu, nibaki.

Akafuata reli, blanketi kichwani, polepole.

Mwenda akauliza kina nani wanaishi kwenye zile nyumba za zamani. Nikamjibu, watu wa reli tu. Dirisha lilikuwa wazi. Mama alikuwa bado hajafika mbali.