Ndugu Wawili wa Baiskeli

Kurasini,
2 Septemba 2024

Kwa Kaka Gaspar,

Shikamoo. Naamini u mzima, maana habari za uzima wako hunifikia hata nisipoziuliza. Mimi sijambo, isipokuwa magoti.

Ni miaka tisa sijakuandikia, na leo nisingeandika. Lakini Adelina, huyo jirani yako anayekuja kuwapikia madereva wa malori huku bandarini, ameniletea flashi yenye tamthilia iliyotafsiriwa hukohuko kwenu Manzese. Wazungu wawili, ndugu wa tumbo moja, wanashindana mbio za baiskeli. Nimetazama sehemu nne. Katika ya nne wanagombana. Mdogo amemzika mama yao mjini. Mkubwa alitaka mama apelekwe kijijini akalale kwenye migomba. Mkubwa akaondoka makaburini kabla hajatupa udongo.

Kaka, Ulaya kuna migomba?

Hayo ni mambo ya mama yetu. Nani ameyatoa nyumbani akayapeleka kwenye kibanda chako cha video? Naomba jibu, na lisiwe la mzaha. Simu usipige. Kwenye simu tunatukanana.

Mdogo wako,
Kokuberwa


Manzese,
5 Septemba 2024

Mwalimu wangu Kokuberwa,

Marahaba, tena marahaba ya miaka tisa, ipokee kwa mikono miwili. Mie mzima. Meno yamebaki ya kutabasamia tu, ya kutafunia yalishastaafu kama wewe. Pole na magoti. Ni ya kusali au ya uzee?

Umesema nisitanie. Haya, nimekaa sawa.

Mtafsiri anaitwa Allen, amepanga chumba cha nyuma ya kibanda changu. Ndiye anayezisemea picha za Kizungu kwa Kiswahili, wanaume wote na wanawake wote kwa sauti yake hiyohiyo moja, na mbwa akibweka ni yeye. Jioni huwaga tunakunywa kahawa. Mie nikifika kikombe cha pili, basi ni habari za mama, na kijijini kwetu Kanyigo, na migomba, na wewe uliyemzika Kinondoni kama mtu asiye na kwao. Kijana hufumba macho. Nilidhani anasinzia. Kumbe anavuna!

Sikumtuma, dada. Nilipoisikia ile sehemu ya nne nilipaliwa na kahawa. Na unajua kibaya zaidi? Kibanda kizima kinamlaumu yule mkubwa. Twalib fundi magurudumu alisimama akapiga kelele, "Unamwacha mama hajafukiwa, mbwa wewe!" Nimekaa pembeni yake. Ikabidi niitikie, "Mbwa kweli!" wasije wakanishtukia.

Lakini tamthilia tamu, tusidanganyane. Ila hilo tangazo la chapati za shangazi yake Allen limezidi. Kila ndugu wale wakianza kusogeleana wapatane, pwaa! Chapati. Zinageuzwa, zinamwagiwa mafuta, namba ya simu. Zikiisha, jamaa wako kwenye baiskeli tena.

Kaka yako,
Gaspar


Kurasini,
20 Septemba 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Hujambo? Na kifua kile cha zamani kinaendeleaje? Mimi namshukuru Mungu.

Magoti ni ya kusali.

Nimefika sehemu ya saba. Mkubwa ameanguka mlimani, na mdogo yuko mbele, taji liko mkononi mwake. Akasikia. Akashuka kwenye baiskeli akasimama pembeni ya barabara, wote wakampita, yeye anamngoja kaka yake. Akasema, "Mama alituambia tusiachane njiani."

Niliizima televisheni nikalia mpaka rozari ikalowa. Nilimlilia mama, na nilikulilia wewe, mtu mzima usiye na adabu.

Tarehe mbili Novemba ni Siku ya Marehemu. Twende Kinondoni pamoja, tukapalilie kaburi. Sitasema nani alikosea na wewe usiseme. Kisha uje ule ndizi.

Mwambie huyo Allen Mungu ambariki. Na zile chapati, kusema kweli, nimezitamani.

Mdogo wako,
Kokuberwa


Manzese,
8 Oktoba 2024

Dada yangu,

Marahaba. Magoti? Mie mwili mzima ila roho inatapika, na bora uyasikie kwangu kabla Adelina hajayafikisha kwa chumvi yake.

Jumamosi tulionyesha sehemu ya tisa. Kibanda kimejaa mpaka mlangoni, watu wamebeba vigoda toka kwao. Ndugu wale wanakutana kwenye chumba cha hoteli baada ya mbio, wamelowa mvua. Wanatazamana. Wanasogeleana. Sie wote tunangoja chapati.

Chapati hazikuja. Allen alikuwa na homa, kumbe alisahau kukata kipande na kubandika tangazo.

Wakashikana vichwa wakabusiana. Na si busu la shavuni, si lile la kupeana amani kanisani. Busu lenyewe, dada, la mdomo, na hawakuwa na haraka.

Mzee Marijani akauliza polepole, "Jamani. Hawa si ndugu?"

Hapo ndipo palipolipuka. "Tumbo moja!" "Na mama yao hata mwaka hajamaliza kaburini!" "Laana! Laana ya kutokutupa udongo!" Mie naona laana inanitazama mie. Watu wanatema mate, watu wanajifunika nyuso na kanga, vidole vimeachana kidogo ili waone vizuri. Loveness msusi akachungulia dirishani: "Nyie wazee nanyi! Hao ndugu wa wapi? Wapenzi hao, tangu sehemu ya kwanza. Dunia nzima inajua ila Manzese."

Basi kinyaa kikaanza upya, mara ya pili, kwa sababu nyingine. Twalib alitoka kwenda kutapika mtaroni. Lakini kitini kwake aliacha kandambili, kisije kikakaliwa.

Sikufichi, na mie niliziba mdomo. Chakula cha mchana kilipanda, kikanichungulia, kikarudi. Uzee huu sikuuombea niuone mdomo wa dume umebandikwa kwenye mdomo wa dume, tena kwenye skrini niliyoifunga mwenyewe kwa misumari yangu. Nimeisugua kwa sabuni, kama vile ni wao waliochafua kitambaa.

Ila nisikilize. Wakamtoa Allen chumbani na homa yake. Praygod, yule wa kuuza mitumba, wiki iliyopita alimlilia mdogo wa baiskeli kamasi zikamfika kidevuni. Praygod huyohuyo nimemwona kwa macho yangu anamkanyaga Allen vidole, anasaga, kama mtu anayezima sigara. Wanacheka. Mwingine anarekodi. Nilimfunika kijana kwa huu mwili wangu wa kuazima, wakaona aibu kumpiga mzee, wakaondoka. Kinyaa cha lile busu kilinitoka kwa kikombe cha tangawizi. Hiki cha Praygod bado kimenikaa kooni, sijui kinatolewa na nini.

Nikamuuliza Allen, mdomo umemvimba kama andazi, "Mwanangu, kwa nini?"

"Nilifuata baiskeli, mzee. Kufika sehemu ya pili nikaona mambo. Watu walishaanza kuipenda. Madume mawili yanalia kila siku, ningesema yanalilia nini? Nikawapa mama yako."

"Ungesema kweli."

"Wangenipiga."

"Na umepigwa."

"Nimepigwa miezi miwili baadaye, mzee. Si haba."

Mjumbe wa mtaa amekifunga kibanda. Flashi ameichukua kwa uchunguzi.

Tarehe mbili ipo palepale, au vipi?

Kaka yako,
Gaspar


Kurasini,
12 Oktoba 2024

Gaspar,

Shikamoo. Afya yako siiulizi leo.

Nimeoga mara mbili na bado najihisi nimeshika kitu. Niliwaita wale watu wanangu. Niliwaombea kwenye jumuiya, kaka! Nilisimama mbele ya akina mama nikasema tuwaombee ndugu wawili walioachana kwa ajili ya kaburi la mama yao. Mama Auleria akawawashia mshumaa. Sasa kila mmoja ameshaambiwa, na wananitazama kana kwamba nilijua.

Umemchukua mama yetu ukamtandika kitandani kwao, awe shuka la kufichia uchafu. Naam, ni kijana wako, si wewe. Lakini mdomo ulikuwa wako.

Na mimi nilikurudia kwa sababu ya ule mlima. Kama mlima ule ni uongo, nimerudi kwa sababu gani?

Tarehe mbili nitakwenda makaburini peke yangu. Usije.

Kokuberwa


Manzese,
28 Oktoba 2024

Dada yangu Kokuberwa,

Marahaba, hata ile ya kununa naipokea. Mie kifua kimerudi, nakohoa kama pikipiki ya mjumbe. Wewe je? Najua hujibu, nauliza kwa mazoea.

Nimekaa wiki mbili nikitafuta la kukuandikia. Nilipolikosa nikatafuta la kweli.

Kwanza, habari za mtaa, ucheke kidogo. Mjumbe uchunguzi wake hauishi. Mkewe anasema anachunguza peke yake, mlango kaufunga. Jana kairudisha flashi, uso mkali, "Mzee, ni uchafu mtupu." Akasimama. "Ya kumi ipo?" Naye Twalib alinigongea dirisha.

"Mzee, wale mashetani walifika?"

"Mashetani gani?"

"Wale wa baiskeli. Mbio za mwisho."

"Unawatakia nini?"

"Nijue pa kuwalaani."

Sasa la kweli. Niliichukua ile sehemu ya saba, ya mlima, nikampelekea Faizan, yule fundi televisheni wa Mikocheni aliyesoma Kiingereza tangu chekechea. Nikamwambia, nisemee, yule anayengoja pembeni ya barabara anasema nini hasa, usiongeze mafuta. Faizan akakunja uso kama amepewa mwarobaini, akasikiliza, akarudisha, akasikiliza tena. Akasema, "Anasema: sifiki bila wewe."

Basi. Hicho tu. Allen aliongeza mama.

Mie wale sijawakubali, usije ukasema kaka kabadilika. Nikikutana nao barabarani nitavuka upande wa pili, nao kwa baiskeli zao watanipita bila kuniona, tutakuwa salama wote. Lakini mama hakuwa kitandani kwao, dada. Wao mama wa Kanyigo watamjulia wapi? Tuliokuwa naye ni mie na wewe, mmoja Manzese na mwingine Kurasini, tunawatazama watu tusiowajua na kumlilia mtu tunayemjua. Picha ni yao, wabaki nayo. Machozi yalikuwa yetu. Hayo usiyaogee.

Umesema nisije. Nitakuja. Nitafika alfajiri ili tusikutane, usipandishe presha mbele ya marehemu. Nitapalilia upande wa kichwani, maana mie ndiye mkubwa. Upande wa miguuni ni wako, nitauacha na majani yake yakusumbue magoti.

Kaka yako,
Gaspar


Kurasini,
4 Novemba 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Kifua vipi? Nimempa Adelina asali na tangawizi, usimgawie mjumbe.

Nilifika Kinondoni jua limeshachomoza, na jembe langu, na hasira yangu. Nimekuta kaburi lote limepaliliwa. Upande wa kichwani, upande wa miguuni, mpaka njia ya jirani. Wewe ni mwongo kama mtafsiri wako.

Halafu nikaona ule udongo. Kaburi limefagiwa vizuri, saruji safi, na katikati kuna udongo mbichi, kiasi cha ngumi moja, alama za vidole bado zipo.

Sikuugusa. Nilikaa pale mpaka jua likaniunguza.

Jumapili njoo ule. Senene zimefika toka nyumbani, za msimu mpya, miguu na mabawa nimeshanyonyoa, nitakukaangia laini kwa ajili ya hayo meno ya kutabasamia. Njoo na Allen, kama anaweza kutafuna. Akina mama wa jumuiya wakisema, waseme.

Na hiyo sehemu ya kumi uibebe. Sina haja ya kuwatazama, nilishakwambia wananichefua. Nataka tu kujua kama yule aliyeanguka alifika. Mwambie Allen chapati zikae palepale.

Mdogo wako,
Kokuberwa