Baba Anausifu Wimbo Wangu Bila Kujua

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Nina jambo limenielemea, naomba unisaidie, na usinishangae nikicheka katikati ya shida, maana mwanao moyo unanirukaruka na usingizi siupati.

Nina miaka ishirini na mmoja, naishi Visiga na wazazi wangu. Mwaka jana nilikwenda Kisarawe kwa mama mdogo kujifunza cherehani, na nyumba ya jirani alikuwa akifikia mwimbaji Telesphory, yule ambaye nyimbo zake zimevuma redioni miaka yote hii, siku moja akanisikia nikiimba huku nashona, akaniambia anatengeneza santuri kubwa, nyimbo tano zile za zamani zinazopendwa na tano mpya, na katika hizo mpya mmoja unataka sauti ya mwanamke, basi mama mdogo akanisindikiza Dar es Salaam nikaimba, nyumbani tukasema tulikwenda kununua nyuzi. Niliomba jina langu lisiandikwe kwenye jalada.

Mshauri, santuri hiyo imetoka na imeshika kila mahali. Watu wanainunua kwa ajili ya zile za zamani, lakini wanaourudia ni huu wangu. Kina mama wanauimba tukipalilia shamba la kijiji, nami naitikia kana kwamba nimejifunza kwao. Juzi dukani watu walibishana kama mwanamke huyo ni Mkongo au Mzanzibari, na kidogo nipande juu ya kaunta niseme ni mimi.

Baba yangu, Mzee Mwinyijuma, ndiye anayeongoza kasida kwenye maulidi hapa kwetu. Alinifundisha tangu nina miaka sita, na siku zote husema mtoto wake hatasimama mbele ya bendi. Lakini naye kainunua santuri, eti kwa ajili ya nyimbo za ujana wake, na sasa hizo hazisikilizi tena. Anaweka sindano kwenye wimbo wangu, anamwambia mama, "Mwite Mwamvita naye asikie," kisha ananiambia, "Msikie huyo, kafundishwa kuvuta pumzi." Mimi nakimbilia jikoni, na vitumbua vimeshaungua mara tatu.

Mwezi ujao bendi inakuja Kibaha, na Telesphory anataka niimbe jukwaani kwa jina langu. Natamani, Mshauri, wala sikufichi. Lakini nikiimba bila radhi ya baba sitaweza kumtazama usoni tena. Nikatae, au niende kwa siri?

Mwamvita, Visiga

Marahaba, Mwamvita. Kwanza hongera, maana hata mimi ninayo santuri hiyo na wimbo wako nimeuchosha. Sasa tulia nikugombeze. Ulimdanganya baba yako, na mama yako mdogo, mtu mzima na akili zake, akakusaidia. Hilo ni kosa. Na kuimba kwa siri mbele ya Kibaha nzima, mwanangu, siri hiyo ungeificha wapi?

Halafu isome tena barua yako mwenyewe. Mzee amekusikia ukijifunza kasida, ukiita kuku, ukilia, miaka yote hiyo, nawe unadhani sauti yako haijui? Ana nyimbo kumi, anarudia mmoja, na kila mara anataka uwepo. Baba yako anakusubiri useme, nawe unakimbilia vitumbua.

Kwa hiyo leo, akishasali alasiri, zima jiko, weka sindano mwenyewe, ukae chini karibu naye. Anza na uongo wa nyuzi na umwombe msamaha kabla hujataja jukwaa. Akikataa, mtii, Telesphory atafute mwingine. Wimbo uliokwisha kuingia kwenye santuri hakuna wa kuutoa. Akikubali, nenda na mama yako, uvae kwa heshima, ukimaliza kuimba urudi nyumbani.

Na kabla hujainuka, mwulize ni wapi ulikosea pumzi. Nina hakika jibu analo siku nyingi.