Fyuzi ya Akiba

Mpendwa Baba Neema,

Sijalia tangu tukuzike. Majirani wananisifu kwamba nimejikaza. Si kujikaza, ni kwamba hakuna kinachokuja. Napika, nafagia, nalala.

Unakumbuka walipokupunguza kazi kiwandani, ukaanza kufunga pampu kwenye mashamba ya zabibu kule Makutupora? Siku moja nilikuletea chakula, nikakuuliza hiyo volti mnayoitaja kila saa ni kitu gani. Ukanionyesha tangi juu ya mnara na bomba chini. "Kinachosukuma maji ni tofauti ya kimo, juu na chini. Volti ndiyo hiyo, Mama Neema, tofauti kati ya sehemu mbili. Ukifunga bomba, maji yanasimama, lakini msukumo uko palepale." Kisha ukanitania kwamba mke wa fundi haruhusiwi kuogopa soketi.

Ulikuwa na desturi yako. Kabla ya kugusa waya, ulikuwa uking'oa fyuzi na kuitia mfukoni mwa shati, asije mtu akawasha. Na kwa kuwa kila mgao ukiisha umeme ulirudi kwa nguvu na kuunguza fyuzi, ulinitengenezea nyingine ya akiba. Niliiweka nyuma ya kopo la chumvi.

Jumamosi ile nilirudi kutoka sokoni, nikakuta friji ya barafu zangu za kuuza imezima. Nikajua fyuzi imeungua tena. Sikuita. Sikutazama darini, ulikokuwa ukirekebisha waya. Nikachukua ile ya akiba nikaichomeka, na juu kukasikika kishindo kimoja.

Hospitali walinikabidhi nguo zako, na fyuzi ilikuwa bado mfukoni. Ndugu zako wanasema ulikuwa mgao, umeme ukarudi ghafla, na kazi ya Mungu haina makosa. Nimewaacha waseme hivyo miezi saba.

Leo asubuhi Neema, ambaye sasa anasoma fizikia, aliniuliza maana ya volti. Nikamweleza habari ya tangi kama ulivyonieleza. Akafunga daftari.

"Mama, kama fyuzi ilikuwa mfukoni mwa baba, huo umeme ulipita wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia, "Mkononi mwangu, mwanangu. Niliichomeka ya akiba."

Amechukua ndoo, ameenda kuchota maji.

Pumzika, Baba Neema. Mimi nimekaa mlangoni, namsubiri arudi.

Mkeo,
Mama Neema