Molekuli ya Buluu na Kilo za Mama

3 Machi

Baba yangu,
Shikamoo. Mimi mzima, ila macho tu yanachoka. Mama anaendeleaje na maradhi yake? Mwambie ile molekuli ya kuwashia skrini niliyoibuni imewaka buluu. Nyekundu na kijani hudumu miaka. Buluu hufifia hujamaliza hata kuisifu. Hatuwezi kungoja miaka, kwa hiyo tunaiwasha kwa ukali, tunapima inavyofifia, halafu tunapiga hesabu ya mbele, ingedumu miaka mingapi. Jaribio linaisha Juni. Nikiondoka kabla, limeharibika. Nitumie kilo za Mama kila wiki.
Mwanao

20 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Hatujambo, kasoro Mama yako. Anakula kwa kumwonea huruma mpishi, na mpishi ndiye mimi. Nimempima ghalani kwa mzani wa magunia. Amenionya nisije nikamuuza kwa jumla. Wiki jana hamsini na tano, leo hamsini na nne. Anasema umalize kazi yako.
Baba yako

2 Aprili

Baba,
Shikamoo. Poleni na uuguzi. Nimechora kilo za Mama kwenye grafu, kama ninavyochora taa yangu inavyofifia. Mstari unashuka polepole. Nikiuendeleza, tunaye hadi Oktoba. Najua si maneno ya mtoto kwa mzazi, lakini sihisi kitu, Baba. Napiga hesabu tu. Nitakuja Juni.
Mwanao

9 Mei

Baba,
Shikamoo. Wiki ya pili sijapata barua. Molekuli inafanya vizuri kuliko tulivyotarajia. Wenzangu walipiga makofi, nami nikapiga. Kilo ngapi?
Mwanao

14 Mei

Mwanangu,
Pole. Mama yako amefariki Jumatano asubuhi, tumemzika jana. Nilishindwa kukupigia simu, nilijua utauliza kilo. Kila nilipompima nilisoma mzani kwa haki, lakini nikishika kalamu yeye ndiye aliyenitajia namba ya kuandika. Ile hamsini na nne ilikuwa arobaini na moja. Alisema, "Akijua ataiacha taa yake." Nikaandika. Hesabu yako haikukosea, mwanangu. Sisi ndio tuliokudanganya.
Baba yako

21 Mei

Baba,
Shikamoo. Barua nimeipata. Sijalia. Nimezima jaribio, zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Nafika Jumamosi. Sina hasira na wewe, wala naye. Naomba tu uniandikie kilo za kweli, zote, na tarehe zake. Nataka kuchora mstari upya, nijue ni siku gani nilipaswa kuondoka huku.
Mwanao