Sweta ya Tatu

Jumatano jioni, mtaa wa Skuta, Nyeri

Hata daftari halikunisaidia. Kwa siku tisa nimeandika kila kilio cha mwanangu Baraka: saa kilipoanza, muda wake, aliponyonya, alipocheua. Leo alilia tangu saa nane mchana hadi nami nikalia pamoja naye.

Kila nilipomgusa mikono niliikuta baridi, nikamwongezea nguo. Sisi wa Busia tunaiogopa baridi ya Nyeri kama ugonjwa. Nilikuwa nimemvika sweta ya tatu wakati jirani yangu, Mama Wangeci, alipoingia bila kubisha.

"Wacha kushika mikono, mwalimu. Shika shingo!"

Shingo ilikuwa imelowa jasho.

"Ati baridi? Ni wewe unaskia baridi, si yeye," akasema huku akicheka, akamvua sweta mbili na kofia. Haukupita muda, mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala.

Kicheko chake hakikuniudhi. Kinachoniudhi ni kwamba katika kurasa zote zile sikuwahi kuandika alivaa nini, kwa sababu nguo nilizihesabu kuwa jibu, si swali. Au pengine alikuwa amechoka tu kulia. Sina hakika.

Jumatatu narudi kazini, naye atabaki na yaya. Nitamwachia yaya maagizo gani, mimi ambaye...

Sasa amelala na sweta moja na blanketi moja. Nimemgusa shingo mara nne. Ina joto la kadiri, na ni kavu. Hata hivyo nimepakata blanketi la pili, na sijaweza kulirudisha kabatini.