Haragwe la Kumi na Tisa

Jumanne, Kibabi. Ukungu tangu asubuhi, na nimepata kazi.

Nafasi ilikuwa moja tu, mwalimu wa sayansi kwenye shule ya misheni. Tuliobaki tulikuwa wawili, mimi na Faustin, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Kila mmoja alipaswa kufundisha atomu ya potasiumu mbele ya mkaguzi, mzungu aliyetoka Goma.

Mama yake Faustin ni mjane. Alimpa maharagwe ya mbegu, yale anayoyaficha kwenye majivu yasiliwe na wadudu, ambayo hata wakati wa njaa hayaguswi. Faustin aliyapanga juu ya ungo. Donge la udongo katikati ndilo kiini, na maharagwe yakawa elektroni zinazokizunguka.

Jana alinijia na ungo wake apange potasiumu, yenye elektroni kumi na tisa. Aliweka mbili duara la kwanza, nane la pili. Zikabaki tisa.

"Kaka, ile duara ya tatu inaweza beba mpaka kumi na munane, njo vile?"

"Njo vile," nikakubali.

Sikumdanganya. Ila kitabu kilikuwa kimoja, na wiki hii nilikishika mimi. Kinasema kwamba katika potasiumu duara la tatu hupokea nane tu, na elektroni ya mwisho hukaa peke yake katika la nne. Ndiyo maana potasiumu huipoteza upesi. Nilijua, nikanyamaza.

Leo Faustin aliweka zote tisa pamoja. Mkaguzi akaupiga ungo kwa fimbo, maharagwe yakamwagika kwenye matope ya uwanja.

"Wewe rudia shamba. Panda hii."

Watu wakacheka.

Nami nilicheka.

Kisha ikawa zamu yangu, nikapanga kokoto: mbili, nane, nane, moja.

Alasiri mama yake Faustin alinijia na kifurushi cha jani la mgomba. Alikuwa ameyaokota maharagwe matopeni na kuyaosha.

"Muwalimu, Faustin anasema ulimusaidia sana. Kamata hii maharagi, utafundisha nayo batoto."

Nikapokea kwa mikono miwili. Naona haya, lakini furaha ni kubwa kuliko haya, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimeyahesabu. Ni kumi na nane.

La kumi na tisa nimelikuta sasa hivi, limepondeka chini ya kiatu changu. Kesho naanza kazi na viatu hivi hivi, sina vingine.