Kaka Yako Ameanza Kuniuliza Maoni

Binti yangu uliye mbali,

Pokea salamu za mtawala wa nyumba hii. Siku hizi hakuna anayebadilisha stesheni bila ruhusa yangu. Haya, nimedanganya, rimoti inalala mfukoni mwa kaka yako.

Goti halijambo. Paka amezalia kwenye kiatu changu.

Mjukuu wangu Kiherehere amefundishwa uongozi darasani. "Babu, kuna kiongozi wa kuamuru, kuna wa kuwauliza wenzake, na kuna anayeacha kila mtu afanye atakavyo."

"Na baba yako?"

"Wa kuamuru. Lakini tangu Jumapili anauliza."

Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Mtu ambaye hajawahi kuniuliza hata kama nimeshiba, sasa ananiita "mzee wangu" na kutaka maoni. Jana alitupigisha kura: nihamie kwako, au nibaki? Yeye na mkewe wakanyoosha mikono nihame. Mimi na Kiherehere tukakataa. Akasema kura yako ndiyo itakayoamua. Ila asubuhi hiyohiyo, kabla ya kura, nilimkuta mpangaji mpya akipima kama kitanda chake kitaenea chumbani mwangu.

"Anayeuliza akiwa ameshaamua, huyo anaitwaje?" nikamuuliza Kiherehere.

"Mwalimu hajatufundisha huyo, Babu."

Kaka yako atakupigia kwa sauti laini, akuulize unaonaje. Au ameshakupigia? Ulipovunja sahani za mama yako, nilisema ni mimi. Basi nilipe leo: sema hapana.

Baba yako, ambaye bado yumo chumbani mwake.